Baba mkwe anataka tumalize sahani, na mwanangu ameanza kumwiga

Shikamoo mama mshauri,

Nikilisimulia jambo hili kazini watu hucheka. Wananiambia wenzako wanatafuta wa kuwanunulia chai ya asubuhi, wewe unalalamika kwamba unanunuliwa nyingi. Nimeona nikuandikie wewe, maana mimi silichekei tena.

Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka minane na wa kike ana mitatu. Mama mkwe alitutoka mwaka juzi. Tangu hapo baba mkwe hutuchukua kila Jumamosi kwenda kufungua kinywa kwenye mgahawa ambao yeye na marehemu walikuwa wakienda kwa miaka mingi. Si mahali pa fahari. Ni meza za mbao, chupa ya shira katikati, na wahudumu wanaomsalimu mzee kwa jina. Sifa ya pale ni wingi. Sahani moja ya kawaida ina kimanda cha mayai manne, kilima cha viazi vya kukaanga, soseji, na pankeki zinazoning'inia nje ya ukingo. Mhudumu huibeba kwa mikono miwili. Ukutani wamebandika picha za watu waliowahi kumaliza sahani kubwa kuliko zote peke yao, wameinua vidole gumba.

Mzee hutuagizia sisi sote, kila mtu sahani yake, hata yule wa miaka mitatu. Na kwake chakula hakibaki. Alikulia kwenye shida, anasema kuna siku mama yake aliwagawia ndugu watano kiazi kimoja. Ukiweka uma chini anakutazama. Hasemi neno baya, anauliza tu, "Mkwe wangu, hukukipenda?" Nami naushika uma tena. Marehemu hakuwa mlaji. Siku tulizowahi kwenda nao yeye aliagiza chai peke yake, na sikumbuki hata mara moja mzee akimwuliza kwa nini. Sisi ndio tunaoulizwa.

Mwenyewe ana utaratibu wake. Lazima tukae meza ya kona, karibu na dirisha, hata kama ni kusubiri nusu saa mpaka iwe wazi. Sahani ikifika hukata kimanda katikati, nusu moja akaisukuma upande wa pili wa sahani, ndipo huanza kula. Akimaliza upande wake hutulia, hutazama nje, halafu huivuta ile nusu nyingine na kuila taratibu kama mtu anayemeza dawa. Ana presha na anatumia vidonge. Mwezi uliopita, mara mbili, alipoinuka alishika ukingo wa meza akabaki amesimama hivyo kwa muda. Anasema ni miguu.

Kilichonifanya niandike ni mwanangu. Babu alimwahidi kwamba akimaliza ile sahani kubwa naye atapigwa picha iwekwe ukutani. Wiki tatu zilizopita aliletewa. Mtoto alikula mpaka jasho likamtoka puani. Hakumaliza. Tulipofika kwenye gari alitapika, na nilipokuwa namfuta, babu akampigapiga mgongoni kwa upendo kabisa, akamwambia, "Usijali, wiki ijayo utaiweza." Sasa hata nyumbani hugeuza sahani yake nione chini. "Mama, nimemaliza, umeona?" Kisha humgeukia dada yake, humwambia, "Wewe bado."

Nimezungumza na mume wangu. Anasema mwache baba, Jumamosi ni moja tu kwa wiki, na ndiyo siku pekee anayocheka. Ni kweli, anacheka. Nimefikiria kusema mtoto ana tuisheni siku hiyo. Nimefikiria pia kumwambia mzee waziwazi, nikajiona nitakuwa mkwe anayemhesabia mzee chakula anachokinunua kwa pesa yake. Mimi mwenyewe nikirudi nalala mpaka jioni, sitii kitu mdomoni hadi kesho yake. Niendelee kunyamaza, nitoroke, au niseme?

Mama wa wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na sikucheka. Meza ya chakula ni mahali ambapo watu hushindwa kusemeshana, kwa sababu kila neno kuhusu chakula husikika kama neno kuhusu mapenzi. Mzee anauliza, "Hukukipenda?" na wewe unasikia, "Hunipendi?" Huenda ndivyo anavyouliza kweli. Ndiyo maana unaushika uma tena.

Naona umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja: afya ya mzee, tumbo la mwanao, na huzuni ya nyumba iliyofiwa. Uliyataja mawili ya kwanza kwa majina yake. La tatu ulilieleza vizuri mno, ila sijui kama wewe mwenyewe umeliona.

Nianze na lisiloweza kungoja. Mzee mwenye presha, anayetumia vidonge, ambaye baada ya mlo mkubwa anainuka na kushika meza, asiachiwe maelezo ya "ni miguu". Mimi si daktari. Lakini madaktari wanaijua vyema hali ambayo huwapata baadhi ya wazee: baada ya kula sana, hasa vyakula vya wanga kama viazi na pankeki, damu nyingi huelekea tumboni kusaidia kusaga chakula, na presha inashuka. Kwa kijana, moyo na mishipa hurekebisha mara moja. Kwa mzee marekebisho huchelewa. Kipimo wanachotumia ni namba ya juu ya presha kushuka kwa 20 au zaidi ndani ya saa mbili baada ya kula. Matokeo yake ni kizunguzungu, na wakati mwingine kuanguka. Huenda siyo hiyo. Ila daktari wake anastahili kusikia sentensi ileile uliyoniandikia, na pia kwamba inatokea baada ya kifungua kinywa cha Jumamosi. Kama mna mashine ya presha, mpimeni kabla hajala na tena kama saa moja baadaye, mwende na namba hizo. Asiguse dozi ya vidonge vyake kwa hisia zake wala zenu.

Kinachonipa moyo ni kwamba ushauri wa kwanza ambao wagonjwa wa namna hiyo hupewa ni kula kidogo kidogo mara nyingi. Ukitoka kwa daktari, hautakuwa neno la mkwe.

Sasa nije kwa mwanao. Unasema babu anamfundisha kumaliza sahani, na nahisi unajilaumu pia, kana kwamba mama makini angemzuia mapema. Jipunguzie mzigo huo. Sahani kubwa humshinda hata mtu mzima asiyelazimishwa na yeyote. Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kule Marekani, waliwapa watu wazima makaroni na jibini kwa vipimo vinne katika siku tofauti, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Siku ya kipimo kikubwa walikula nishati zaidi kwa asilimia 30 kuliko siku ya kipimo kidogo, na walipoulizwa wameshiba kiasi gani, majibu yalikuwa karibu sawa. Zaidi ya nusu hawakutambua kwamba vipimo vilikuwa vikibadilika. Macho huliambia tumbo kiasi cha kula, na tumbo huchelewa kujibu. Tumbo linatanuka, utumbo unatoa homoni zake za shibe, na habari hizo huchukua muda kufika kichwani, watu huzoea kusema dakika 20 hivi. Mvulana anayekimbiza picha ya ukutani anamaliza nusu ya sahani kabla habari haijafika.

Kuna utafiti mwingine wa kundi hilohilo, wa mwaka 2000, ambao nilipofika kwenye umri wa binti yako niliukumbuka. Walipowaongezea chakula watoto wa kama miaka mitatu na nusu, hawakula zaidi. Waliposhiba waliacha. Wale wa miaka mitano walikula zaidi kadiri sahani ilivyokuwa kubwa. Katikati hapo kuna kitu mtoto anajifunza, na hajifunzi kwa ubaya wa mtu, anajifunza kwa kututazama. Kwa hiyo "wewe bado" anayoambiwa binti yako naomba uisikie upya. Yule mdogo bado ana sikio la tumbo lake. Ukiweza kulinda kitu kimoja wiki hii, linda hilo. Akisukuma sahani, iondoe mbele yake bila maneno, bila sifa wala karipio.

Na kwa huyu wa miaka minane? Mwaka 2003 watafiti walibaini kwamba watoto wadogo walipojipakulia wenyewe walikula asilimia 25 pungufu kuliko walipoletewa sahani kubwa iliyokwisha kupakuliwa. Kwa hiyo sahani tupu ndogo, mkiomba moja mezani, inafanya kazi ambayo mahubiri hayafanyi. Chakula kinakaa katikati, kila mmoja anachota, akitaka anaongeza. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter amefundisha kwa miaka mingi kwamba mzazi aamue kitakacholiwa, lini na wapi, na mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Napenda mgawanyo huo kwa sababu haumpokonyi babu chochote. Yeye bado anachagua mgahawa, anachagua chakula, na analipa.

Ile picha ndiyo ngumu. Kumwambia mtoto picha haina maana ni kumwambia ahadi ya babu haina maana. Waweza kuzungumza naye wakati mwingine, siyo mezani, umwulize siku ile kwenye gari ilikuwaje. Mwache aseme tumbo lilivyokuwa, jasho lilivyokuwa. Usimpe jibu. Yawezekana akasema bado anaitaka picha. Hapo wewe na baba yake mna haki ya kusema hapana, ninyi ndio wazazi, na hapana hiyo itoke kinywani mwa mume wako kwanza, kwa sababu yule ni baba yake.

Nimefika kwa mume wako. "Mwache baba" ni maneno ya mtoto anayeogopa kumpoteza mzazi wa pili. Usiyapokee kama uzembe. Lakini mwulize kama alimwona baba yake akishika meza. Mwulize hivyo tu. Nadhani hajaona, kwa kuwa wakati huo huenda alikuwa kaunta au anamvalisha mtoto viatu. Kuna mambo mkwe huyaona kwa sababu anakaa pembeni.

Hofu yako ya kuonekana mhesabu wa chakula ina msingi. Mkwe akitamka neno la kwanza kuhusu sahani, laweza kukaa moyoni mwa mzee miaka. Tuisheni ya uongo ingekuepusha na hilo kwa majuma kadhaa. Hatari yake ni kwamba mtoto atalazimika kuubeba uongo huo mbele ya babu, na mzee atabaki na kiti kitupu bila kujua kosa lake. Kunyamaza nako umeshakujaribu, na umenieleza gharama yake katika sentensi moja ya mwisho, umeificha nyuma ya wengine: unalala mpaka jioni na huli hadi kesho yake. Mwanangu, hilo nalo ni tatizo, lisiwe tanbihi. Mwili unaoshindiliwa asubuhi kisha ukafungishwa siku nzima hautulii. Nakuomba Jumamosi ijayo ule mlo mdogo wa jioni, hata supu, kama mtu yeyote mwenye siku ya kawaida.

Ipo njia ya kati ambayo wahudumu wa migahawa ya sahani kubwa huombwa kila siku: nusu ifungwe kabla sahani haijafika mezani. Isipoletwa, hakuna anayeitazama wala anayeulizwa. Ufaransa tangu Julai 2021 sheria inautaka mgahawa umpe mteja chombo cha kubebea chakula chake akiomba, hivyo usione haya, si jambo la watu wachoyo. Mzee aliyewahi kugawiwa kiazi kimoja na ndugu wanne ana haki ya kuumia akiona chakula kinatupwa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, maduka na migahawa. Kwa hilo mzee yuko sahihi kuliko sisi. Ila kile alichokula mwanao siku ile kiliishia kando ya gari. Kilichofungwa kingekuwa chakula cha mchana. Kifike tu kwenye friji ndani ya saa mbili, msizunguke nacho garini, na mayai yapashwe moto mpaka yatoe mvuke. Pankeki ipasheni kwenye kikaango kikavu, itarudi na ukingo wake mkavu, na mzee hatakiita chakula kilicholala.

Huenda akakataa yote haya. Huenda akasema siku ya kufunga chakula ndiyo siku ya kuacha kwenda. Sitaki nikuahidi vinginevyo.

Lakini sasa nirudi kwenye lile la tatu. Uliandika kwamba marehemu hakuwa mlaji, aliagiza chai tu, na mzee hakumwuliza kamwe. Aya inayofuata ukaandika kwamba mzee hukata kimanda katikati, nusu moja akaisukuma upande wa pili wa sahani.

Sikuwepo, na naweza kukosea. Lakini mtu anayeagiza chai peke yake kwenye mgahawa wa sahani za kubebwa kwa mikono miwili, mbele ya mume ambaye kwake chakula hakibaki, nashindwa kuamini kwamba alitoka na njaa miaka yote hiyo. Nadhani ile haikuwahi kuwa sahani ya mtu mmoja. Nadhani nusu ile ina mwenyewe. Kama nimeona sawasawa, basi mzee hali kwa uroho wala kwa ukaidi. Anakula upande wake, anatazama nje, kisha anaubeba na upande wa mkewe kwa kuwa hakuna wa kumwachia, na kuuacha mezani hawezi.

Hili sikupi uende ukamwambie. Lingemkata. Nakupa ili ubadilishe swali kichwani mwako. Umekuwa ukijiuliza namna ya kumfanya ale kidogo. Je, ingekuwaje kama Jumamosi moja ungewahi kabla hajaagiza ukasema, "Baba, mimi leo naomba chai tu, nitadokoa kwako"? Laweza kumfurahisha. Laweza pia kumtonesha, akanyamaza njia nzima ya kurudi, na ujue hivyo kabla hujalisema, umwambie na mume wako ili asishtuke. Pengine anayefaa kudokoa si wewe, ni mwanawe. Au mjukuu, yule anayetaka picha, ambaye angeweza kupewa kazi ya kula nusu ya babu badala ya kushindana na ukuta. Ninyi mnamjua, mimi namjua kwa barua moja.

Nina swali moja ambalo barua yako haikulijibu. Umesema lazima iwe meza ya kona, karibu na dirisha, hata kwa kusubiri. Hukuniambia mnakaaje. Siku hizi, kile kiti kinachomtazama mzee, hukaliwa na nani? Niandikie.